"To play down": siku mama alipomwita Shehe mwendawazimu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi humu mtu aliuliza maana ya "to play down" na inatumikaje. Kiingereza changu ni cha primary, wajuzi mtanisahihisha. Ila hili nililiona kwa macho yangu, sitii chumvi.

Kampala, miaka ya sabini, jeshi ndilo linatawala. Baba mkubwa alikuwa na duka, na jioni anafundisha watoto Kurani. Mtaa mzima ulimwita Shehe. Mama yangu, shemeji yake, alimsaidia kuuza.

Sukari ilikuwa haionekani. Siku hiyo akaingia askari na bunduki yake, akataka sukari.

Baba mkubwa akajibu, "Afande, sukari imepandishwa cheo. Siku hizi haikai na raia."

Wateja wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Askari akauliza polepole, "Wewe nacheka serikali?" Akamkamata kola, anamvuta kwenye gari.

Enzi zile, waliopandishwa magari yale wengi hawakurudi.

Mama naye akacheka. Safari hii peke yake, wakuu.

"Afande, na wewe unamsikiliza huyo? Kichwa hakijatulia. Jana kagombana na mbuzi! Sisi hatumjibu, tunampa chai tu."

Kwetu, mwanamke kumsema hivyo shemeji mkubwa, tena Shehe, mbele ya watu, ni jambo la aibu kubwa.

Askari akamtazama baba mkubwa, akamwachia. "Mama, funga mzee yako ndani." Akaondoka.

Niseme haki: huenda hata yule askari hakuamini. Labda alitaka pa kutokea, mama akamfungulia mlango. Sijui.

Jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kyambogo, ndiye aliyeniambia, "Your mother played it down." Yaani jambo zito, yeye akalionyesha jepesi. Ukitaka kutumia: "He played down the danger." Si lazima iwe uongo. Ingawa ya mbuzi ilikuwa uongo.

Baba mkubwa alinuna mpaka Ijumaa. Tukiwa tunakula, akasema, "Umenifanya mpumbavu mbele ya mtaa."

Mama akamwongezea wali. "Mpumbavu anakula, shemeji. Wenye akili wa mtaa huu wako wapi?"

Baba mkubwa akala.

Nilichojifunza: ukilishusha jambo, kuna mtu anashuka nalo. Mpaka leo sina hakika kama mama alipaswa kumwomba radhi.

Ninyi mngeomba? Nawasoma.