Shangazi Anamaliza Kioo Kwanza

"Mwaka huu msiponiita mtaalamu wa maabara, niiteni ndoo!" Shangazi aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, katika harusi isiyomhusu. Bwana harusi alipiga makofi kwa kukosa la kufanya.

Shangazi huosha vioo vya sampuli katika maabara ya hospitali. Amechoka kuviosha, anataka kuvisoma. Kinachomzuia ni cheti, na mtihani wa cheti una sehemu moja ya roho mbaya: majina ya Kilatini, umoja na wingi. Yai la mnyoo likiwa moja ni ovum, yakizidi ni ova. Buu ni larva, mabuu ni larvae. Ukikosea, umemwambia daktari uongo.

Basi nyumba nzima ikawa darasa. Jioni mtu hali kabla ya kujibu. Shangazi huinua punje ya wali.

"Hii?"

"Larva," anajibu mumewe.

"Na sahani nzima?"

"Larvae. Mke wangu, nilikuja hapa na njaa. Imeshaondoka."

Siku ya mtihani, kule chuoni, kila meza ilikuwa na darubini, na kengele ikilia unahamia meza nyingine. Meza ya kwanza Shangazi akaona yai moja. Wenzake waliandika ovum, wakakunja mikono. Yeye akaanza kusogeza kioo polepole, safu kwa safu, kama anayefagia ukumbi.

"Mama, bado tu?" msimamizi akauliza.

"Nimeona moja, mwalimu. Sijaona kwamba ni moja tu."

Pembeni kabisa akalikuta la pili. Akaandika ova. Alipatia hapo, na kila alipowahi kumaliza. Lakini kengele haina shangazi: meza kadhaa alihamishwa kalamu ikiwa hewani, karatasi nyeupe pe.

Akafeli.

"Si ungeandika ovum ukasonga mbele?" mumewe akalalamika. "Nani angejua?"

"Baba watoto, siku ukipimwa wewe, utamtaka aliyebahatisha?"

Mzee akatafuta rimoti.

Sasa mchana, wenzake wakienda kula, Shangazi hubaki na darubini kuukuu ya maabara. Haachi pembe hata moja ya kioo. Anachopunguza ni sekunde. Leo asubuhi kapita chuoni kujiandikisha upya.

Ada ya kurudia mtihani ni shilingi elfu sitini, na kailipa yote.