Waya Uliokunjwa Vizuri

Gekara, fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai karibu na Roret, hakuwa mtu wa kukosea, na usingemwambia vingine. Ndege yake ndogo ya rimoti ilipoanza kutetemeka hewani na kukataa kugeuka, alijua mchawi ni nani: spika za kanisa lililo kando ya uwanja alikoirushia, zilizovuruga mawimbi ya rimoti. Aliingia katikati ya mazoezi ya kwaya, akafoka mpaka Dorcus, mwalimu wa kwaya, akazima mitambo yote. Wiki tatu wakaimba kwa koo tupu. Ndege ikaanguka vilevile.

Alipoipasua ndipo akaona. Waya wa antena, uliopaswa kunyooshwa mpaka mkiani, alikuwa ameukunja kwa mkono wake mwenyewe, duara safi, akaufunga kwa tepu pamoja na nyaya za mota, vile anavyozikunja nyaya kiwandani na kusifiwa. Hapo antena ingesikia nini zaidi ya kelele za mota?

Alikwenda kanisani kukiri. Kabla hajafungua mdomo, Dorcus, sauti imemkauka, aliwaambia waimbaji, "Tumwombee huyu ndugu yetu, ndege yake ipone."

Gekara akainamisha kichwa, akaitika amina pamoja nao, akaondoka na maneno yake yote tumboni.