Mifuko ya Stavro

Kabla serikali haijachukua maduka ya wageni, Sharifa binti Bulaimu alikuwa akishona magauni barazani kwa Mgiriki mmoja, Stavro, mtaa wa Kasuku, hapa Kindu. Cherehani haikuwa yake. Ilikuwa ya Madame Despina, mke wa Stavro, aliyemfundisha kukata kola na kupinda pindo, akimgombeza kwa Kiswahili cha Maniema kama mtu aliyezaliwa ng'ambo ya pili ya mto. Tambwe, mume wa Sharifa, alifanya kazi ndani ya duka hilohilo, akibeba na kupima mchele uliotoka vijijini.

Stavro hakuwa malaika. Kila jioni aliwapanga wafanyakazi mlangoni na kuwapekua. Tambwe, mtu mzima mwenye mke na mtoto, Mwavita, aligeuza mifuko ya kaptura yake nje mbele ya wapita njia. Wakifika nyumbani, Sharifa ndiye aliyelia.

Mwishoni mwa mwaka 1973 amri ikatoka redioni kwamba maduka ya wageni wapewe wananchi. Tambwe alikuwa na binamu kwenye komite ya chama, na duka likawa lake. Stavro na mkewe walipanda treni ya Kalemie, wakavuka ziwa mpaka Bujumbura, kila mtu na sanduku lake. Sharifa alitaka kwenda kuwaaga stesheni. Tambwe alimkataza.

Mwaka mmoja na nusu baadaye rafu zilikuwa tupu. Tambwe alikuwa ameuza vitambaa, sabuni, chumvi, mizani, hata ile cherehani, na vingine alivigawa kwa ndugu na wakubwa wa chama waliokuja kumpongeza. Akaamua kwenda Bujumbura kutafuta wafanyabiashara wa kumkopesha mali, na safari hii akamchukua mkewe.

"Stavro iko na mgahawa kule," alimwambia ndani ya meli. "Tutakula kwake."

Moyo wa Sharifa ulitulia. Alidhani mume wake anakwenda kuomba radhi, au angalau kusalimia. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Lokandu, zawadi ya Despina.

Mgahawa ulikuwa karibu na ziwa, meza zimetandikwa vitambaa vya buluu. Ulinukia mafuta ya zeituni, ndimu na nyama ya kondoo ya kuchoma. Tambwe aliingia na abakosti yake mpya, suti isiyo na tai ya watu wa chama, beji ya chama kifuani, akaketi katikati ya ukumbi kabla hajakaribishwa. Stavro akatoka jikoni amevaa aproni. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Alipowaona alisimama kidogo, kisha akasogea na kunyoosha mkono.

"Bwana Tambwe. Mama Mwavita. Karibuni. Habari ya Kindu?"

Tambwe hakuupokea ule mkono. "Sema sitwayen, mwananchi. Siku za bwana zimekwisha. Lete chakula."

"Chakula gani?"

"Vyote."

Vikaja vyote: jibini nyeupe ya kondoo ndani ya mafuta, zeituni nyeusi, biringanya za kupondwa, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Sharifa alionja huo wa majani. Ulikuwa mtamu, na ulimkumbusha maboke ya kwao, samaki waliofungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Alitaka kumwambia mumewe hivyo, lakini alipoinua macho akamwona anavyokula, akaacha.

Tambwe alichovya vidole vyote kwenye bakuli. Mafuta yalimchuruzika mpaka kidevuni, yakadondokea beji. Alitafuna mdomo wazi, akatema kokwa za zeituni sakafuni moja moja, huku akimtazama Stavro. Aliagiza divai, yeye aliyekuwa akiswali Ijumaa mstari wa mbele, akaimimina kooni kama maji. Nyama ilipoletwa alisema imepoa, irudishwe. Iliporudi na moshi wake, alisema imeungua. Kisha akaangusha uma makusudi.

"Okota."

Stavro akainama, akaokota.

Sharifa alisogeza sahani yake kando. "Baba Mwavita," alisema kwa sauti ya chini, "tulipe, tuondoke."

"Bado." Tambwe alifuta mikono kwenye kitambaa cha meza. "Stavro! Geuza mifuko yako. Muntu hawezi kujua kama haukuiba nyama yangu."

Stavro aliwatazama wateja wake, akatazama meza iliyojaa vyombo, kisha polepole akageuza mifuko ya aproni nje. Kikaanguka kizibo cha chupa na kipande cha mkate. Mtu mmoja kwenye meza ya nyuma akacheka. Tambwe naye akacheka, na vipande vya jibini vikaonekana kwenye meno yake.

Sharifa alisukuma kiti, akapita mlango wa nyuma hadi uani, akatapika kando ya pipa la taka. Alipomaliza aliona Despina amesimama na kikombe cha maji.

"Sukutua," Despina alisema. Akangoja, kisha akauliza, "Cherehani yangu iko?"

"Ameiuza."

Despina akatikisa kichwa. Sharifa akatoa furushi la samaki. Despina alirudi nyuma hatua moja.

"Kutoka nyumba ile sitaki kitu."

"Si ya dukani, Mama. Nimenunua Lokandu, kwa maandazi niliyouza mwenyewe."

Sharifa aliliweka furushi juu ya kisiki cha kukatia nyama, akazunguka nje ya nyumba, akangoja barabarani. Tambwe alitoka akichokonoa meno.

"Umenitia haya," alisema. "Nilidhani utafurahi. Yote yale alinitendea, umesahau?"

"Sikusahau. Walikupekua, nikalia. Leo umepekua wewe, nimetapika. Usinishike mkono, una mafuta."

Waliporudi Kindu Sharifa hakulala tena kwenye nyumba ya duka. Alihamia kwa kaka yake Abedi, mtaa wa Mikelenge, akashona kwa mkono mpaka alipopata cherehani ya kukodi. Serikali ilipogeuza neno na kuwaita wageni warudi, wengine walirudi. Stavro hakuonekana. Duka lilibaki na kufuli lenye kutu, na Tambwe akaenda kwenye machimbo ya Kama kujaribu bahati ya dhahabu.

Hawakuachana. Wazee walikaa, wakasema, na Sharifa akakubali kuendelea kuwa mke wake. Tambwe akija kutoka machimboni alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akamnawisha mikono, akampa heshima zote za mume. Lakini wale waliokuwa wakila sahani moja tangu siku ya ndoa hawakula pamoja tena. Akishamtengea, Sharifa alitoka kukaa uani, ameipa nyumba mgongo, na hakuingia mpaka amsikie anagugumia maji ya mwisho.