Kesho Mjane Anataka Kutubu Kosa Lisilo Lake, na Mimi Najua Ukweli

Admin, nifichie jina, na eneo la kanisa usilitaje kwa karibu, maana waumini wangu wanasoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, nina mke na watoto, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Hapa Kampala nachunga kanisa dogo. Kazi yangu ni kushauri watu, lakini mganga hajigangi (nisamehewe mchungaji kutaja mganga), ndiyo maana leo nimekuja kwenu.

Mzee wetu wa kanisa ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini mwa Uganda, na mpaka leo tunamwita Afande. Ana vyumba vya kupangisha, na nyuma yavyo kulikuwa na ukuta mrefu unaozuia udongo wa kilima. Mvua zilipoanza ukuta ukapasuka. Mpangaji wake mmoja, Mama Neema, mjane Mkongo mwenzangu anayeuza vitenge soko la Owino, akamweleza. Afande akasema ukuta utaombewa. Mimi nilikuwa safarini. Nikasikia wamefunga na kuomba, na Afande mwenyewe ameupaka ukuta mafuta akitangaza kwamba hautaanguka. Nilifurahi kwamba kanisa linaomba hata nisipokuwepo.

Juzi ukuta ukaanguka. Neema, mtoto pekee wa yule mjane, alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma akifanya mazoezi ya kwaya na rafiki yake Akello, binti wa Afande. Wote wawili wamekufa.

Jana Afande alinivuta nyuma ya hema la msiba. Sijawahi kumwona mtu huyu akilia, lakini alinishika miguu.

"Pasta, fundi aliniambia vunja hii ukuta, toa watu. Mimi nikasema mvua iishe kwanza. Nikaita maombi, sababu nilitaka wapangaji watulie, wasihame. Nimeua mtoto yangu na mtoto ya mwenzangu. Lakini wewe usiseme mbele ya watu. Ukisema, hiyo siku mimi siimalizi."

Nilimkumbatia, nikamwambia Mungu hajamtupa. Bado naamini hivyo. Nimewaomba kaka zake wasimwache peke yake hata chooni, na hawajamwacha.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mama Neema. Nilijua ataniuliza habari za ukuta, na njiani nilikuwa nimeshapanga namna ya kumkwepa. Nilijichukia. Kumbe alikuwa na jambo lingine.

"Baba Pasta, siku ile benzangu banaomba, mimi nilikuwa naangalia tu ule ufa. Nikasema ndani ya roho, huu ukuta utaanguka. Ni mashaka yangu njo imeua batoto."

Nikamwambia, "Hapana, mama, si hivyo."

Akaniangalia. "Sasa ni nini?"

Nikanyamaza. Mchungaji mzima, mwenye sauti ya kupasua spika kila Jumapili, nikanyamaza.

Akasema, "Siku ya kuaga batoto unipatie nafasi. Nataka kutubu mbele ya kanisa. Nataka nimuombe Afande musamaha juu ya Akello."

Ndugu zangu, kesho ni ibada ya kuwaaga. Hapa Uganda, kabla ya kuzika, lazima mtu asimame aeleze marehemu amefikwa na nini, na familia zote mbili zimenichagua mimi. Nikisema ukweli, namvunja baba ambaye naye anazika, tena kwa neno aliloniambia kwa kuniamini, na huenda nikarudi kuzika mwingine. Nikisema ni mpango wa Mungu, namsingizia Mungu, na yule mama atabeba kifo cha mwanawe maisha yake yote. Mke wangu anasema mchungaji hutunza siri. Mimi najiuliza, kondoo ni Afande peke yake?

Leo nimerudi kwa Afande nikamsihi aseme mwenyewe, hata kwa mjane peke yake, na mimi nikae kando yake. Aligeukia ukutani.

Majeneza mawili yatakaa sambamba. Afande atakuwa kiti cha mbele. Mama Neema atasimama, atamfuata, atapiga magoti mbele yake kumwomba msamaha, na kipaza sauti nitakuwa nimekishika mimi. Nishaurini kabla hakujapambazuka, nifanye nini?