Siku Tuliyokwenda Funguni

Wajukuu wangu hunicheka kwa kuwa sipandi chombo, hata kile kinachokwenda Pemba kila wiki na watoto wachanga ndani. Huwaambia kwamba bahari hunitapisha. Uwongo mtupu. Mimi naogopa, na woga wangu una siku yake.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Jumba la Mfalme lilikuwa limepigwa mizinga miaka michache nyuma, na sisi watoto wa mtaani bado tulikuwa tukisikia kishindo tunaingia mvunguni. Baba yangu alifanya biashara ya karafuu, na msimu huo ulimwendea vizuri, akakodi meli ndogo ya moshi atutembeze visiwani siku moja. Tungepita Bawe, tushuke kwenye fungu la mchanga katikati ya maji tule chakula cha mchana, alasiri turudi Forodhani. Tulikwenda baba na ami yangu, mama, bibi mzaa baba, shangazi, mdogo wangu wa kike wa miaka minne, yaya wetu, na mimi. Wanawake wa nyumba yetu walikuwa hawatoki mchana ila kwa maziko na harusi. Kwa siku mbili nyumba nzima ilinukia sambusa na mkate wa kumimina.

Siku hiyo ndipo nilipovaa buibui kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la shangazi, limekunjwa pindo, na bado nililiburura. Nilijiona mtu mzima kuliko watu wazima wenyewe. Mdogo wangu alikuwa amekabidhiwa kwangu, naye kazi yake ilikuwa moja, kunifunua aone kama bado nimo ndani. Kabla hatujatoka mlangoni mama aliniambia, "Mkono wa mwenzio usiuwache. Baharini hakuna mlango wa kufunga."

Meli ilipoanza kutetemeka nilimkumbatia mdogo wangu. Sisi wanawake tuliketi nyuma, tumezungushiwa pazia, na sikuona kitu ila miguu ya wenzangu na mbao zinazotikisika. Bibi alikuwa akisoma dua bila kupumzika. Kila alipovuta pumzi nilidhani amesita kwa sababu ameona hatari.

Fungu lilikuwa refu, jeupe, limeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Mabaharia walisimamisha turubali, wanaume wakakaa upande huu, sisi upande wa pili. Nahodha alisema kwa sauti, nami nikasikia, kwamba leo ni bamvua, maji yakianza kujaa hayasubiri mtu, na fungu lile huzama lote. Tangu hapo sikuonja hata sambusa moja. Nilikuwa nikiangalia ukingo wa maji tu.

Mdogo wangu hakujua woga. Alinivuta pindo, akanifunua uso, akanimwagia mchanga kichwani, na shangazi akacheka. Nikaona haya, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Nenda kaniokotee kauri kumi, usirudi mpaka zitimie." Alikuwa hajui kuhesabu kupita nne. Nilijua hivyo nilipomtuma. Akapanda mgongo wa fungu, akateremkia upande wa pili.

Punde nahodha akataka tuondoke. Kwa desturi wanaume walitangulia kwenye mashua ya kwenda melini, ili tukifika sisi wawe wameshakaa mbele ya meli, wametupa kisogo. Kisha wakaenda mama na bibi. Mwisho tukabaki shangazi, yaya na mimi, pamoja na masufuria. Mabaharia waliotuvusha waligeuza nyuso zao kwa adabu, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyekuwa tayari kuhesabu wanawake wa watu.

Nilikuwa nimeshaingia mashuani nilipomkumbuka. Nikaangalia nyuma, fungu tupu. Nikajiambia amekwenda na mama, yumo ndani ya buibui la mama, si ndiyo kawaida yake kujificha humo? Ningeweza kumwuliza yaya. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba niliuacha mkono. Nikajifunika uso kwa buibui.

Kule melini niliinamisha kichwa nikahesabu miguu. Ya mama miwili. Ya bibi miwili. Shangazi na yaya, minne. Nikahesabu tena. Mnyororo wa nanga ulikuwa ukipanda kwa kelele, na mimi nasema moyoni nitasema sasa hivi, nitasema sasa hivi.

Mama alidhani mtoto yuko nasi. Aliponyoosha mkono ampokee, akakuta hewa.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Nlimwachia yaya," nikasema.

Yaya alikuwa ameshika birika la kahawa. Alinitazama. Alikuwa mzaliwa wa pwani ya Kiwengwa, mtu wa maneno machache, amenilea tangu nanyonya. Akaliweka birika chini taratibu, wala hakunikanusha.

Bibi akamwambia mama amtume yaya kwa baba, ili sauti ya mama isisikike na wanaume wa watu. Mama hakungoja. Alilivuta pazia likang'oka na kamba yake, akasimama wazi mbele ya mabaharia wote, akapiga ukelele ambao sijasikia mfano wake hata msibani. "Simamisheni. Mwanangu yuko funguni."

Sote tukaona. Fungu lilikuwa limebaki upana wa mkeka, na juu yake kanzu ndogo nyekundu. Hakuwa akilia. Alikuwa amesimama akitutazama, na mawimbi yanampiga magotini.

Mashua ilishushwa tena. Yaya alijitupa ndani baina ya mabaharia wawili, amefunga buibui kiunoni. Walipiga makasia na mimi nikaona kimo cha maji kinamfika mdogo wangu mapajani, kisha kiunoni. Wimbi moja likamfunika. Alipoibuka, yaya alikuwa ameshajirusha, anakwenda, maji kifuani, mikono juu. Nilifumba macho. Sikuyafumbua mpaka niliposikia mtoto anakohoa miguuni pangu.

Kiganja chake kilikuwa kimefumbata kauri. Alinipa, akaniambia amezihesabu, nne, kisha nne, kisha nne.

Kesho yake asubuhi mama alimwambia yaya afunge mzigo wake. Hakumtukana. Alisema tu kwamba hataweza kulala tena mtoto akiwa mikononi mwa yaya. Baba alitaka kumtetea, maana si yeye aliyemtoa majini? Mama akajibu kwamba ndiye pia aliyemwacha. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilingoja yaya aseme, nikatamani aseme, yaishe. Akaenda kufunga mzigo.

Nilimkuta ngazini anateremka. Akanishika kidevu.

"Nlikuona ulivyoogopa," akasema. "Mwambie mama yako, mwanangu. Si lazima leo. Siku utakayoweza."

"Naam," nikamjibu.

Mama alifariki nikiwa nimeshazaa watoto wawili. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na wenzangu walipotoka kwenda kuchukua sanda, nilibaki naye peke yangu chumbani. Hakukuwa na mtu wa kunisikia, na hata yeye hakuwa akisikia. Nilifungua kinywa nimwambie, nikaogopa.