Tangazo la Ngamia Jike Aliyepotea

Kikundi chetu cha mtandaoni kilikuwa na kazi moja kubwa: kumsema mume wa kwenye tamthilia ya kigeni iliyoonyeshwa kila saa moja jioni. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi hatujawahi kuonana, kuanzia hapa Garissa hadi Kotile na Takaba. Mume huyo alipoteza kumbukumbu kila alipokaribia kuomba msamaha. Tamthilia ikiisha ilikuja taarifa ya habari, nayo hatukuiacha salama.

Mimi ndiye niliyesifiwa kwa maneno. Waheshimiwa walipozindua kisima kilekile kwa mara ya tatu, niliandika kwamba utepe waliokwisha kuukata pale ukiunganishwa utafika kwenye maji. Watu walicheka wiki nzima. Ukweli, ambao sikumwambia mtu, ni kwamba maneno yale yalikuwa ya mama yangu. Aliketi mkekani nyuma yangu akigombana na televisheni kwa Kisomali, nami nikayageuza Kiswahili na kuyatuma kama yangu.

Mama alipofariki, niliacha kuandika. Huzuni ilikuwepo, lakini na hofu pia: bila yeye sikuwa na la kuchekesha, na sasa wangenijua. Niliamua kujitoa kimyakimya.

Kwetu mnyama akipotea, habari zake hupelekwa kila kisima, siku hizi kwa simu pia: rangi, masikio, mwendo. Basi wenzangu wakanitangaza. "Amepotea ngamia jike, rangi ya chai ya maziwa, hupenda kutembea peke yake. Mpole mchana, ila saa moja jioni huuma waume za watu. Atakayemwona atujulishe." Nililisoma tangazo hilo nikiwa jikoni, nikaweka simu kando.

Mwenzetu wa Takaba alimpigia mjomba wake aliyeko Rhamu ili amsomee tangazo, mtandao ukakatika baada ya sentensi ya kwanza. Siku mbili baadaye mzee akapiga simu kusema amempata. Wakamwingiza kikundini aeleze mwenyewe, naye akatuma ujumbe wa sauti, lafudhi yake ya Kisomali ikigeuza "p" kuwa "b" mara kwa mara.

"Ngamia yenu nimebata hapa karibu na mto. Nimefunga. Lakini maziwa nakamua nakunywa, hiyo mtanisamehe."

Kikundi kizima kilivunjika mbavu. Hakuna aliyekubali kumwambia ukweli. Ngamia ajibu mwenyewe, walisema, yaani mimi. Nikamfikiria mfugaji fulani huko anayehangaika kumtafuta mnyama wake kwelikweli, nikashika simu.

"Adeer, baba yangu mdogo, mfungue ngamia wa watu," nilianza, na mengine yakatoka yenyewe. Nilisema aliyepotea ni mimi, mama yangu amefariki, na vichekesho vyote vilikuwa vyake. Nilituma mbele ya wote kabla sijajuta.

Kisha sauti ya mzee ikaja, polepole.

"Inna lillahi. Mungu amrehemu mama. Ngamia nitafungua. Lakini binti, ile maneno ya utebe na kisima, jana mtoto wa dada alinisomea, nilicheka mbaka fimbo ikaanguka. Mama alisema kwa Kisomali, sindio? Nani aliweka kwa Kiswahili na chumvi haikumwagika?"

"Ni mimi, adeer."

"Ehe. Basi wewe usibotee tena."

Nililia hapo hapo nilipoketi, na nilikuwa sijalia vizuri tangu mazishi. Wenzangu walianza kumwombea mama dua, mmoja baada ya mwingine, watu ambao nikikutana nao sokoni leo sitawatambua. Nawashukuru mpaka sasa. Walinitafuta kama mali ya nyumbani kwao.

Saa moja jioni niliwasha televisheni. Mkeka ulikuwa mtupu nyuma yangu. Mume alikuwa ametoroka tena, mkewe analia dirishani. Nilisubiri nisikie mama angesema nini, halafu nikaandika mwenyewe: "Amepotea mume. Atakayempata asihangaike kutujulisha, huyu hata maziwa hana."

Sauti ya kwanza kujibu ilitoka Rhamu, nayo ilikuwa kicheko kitupu.