Ukuta wa Stoo ya Baba

Baba alichonga mawe machimboni Kitengela miaka yote niliyokuwa shuleni, na stoo yetu aliijenga kwa mawe yaliyokataliwa na wanunuzi, yale yaliyovunjika pembe. Mama aliichukia stoo ile. Upepo ulipita katikati ya mawe na vumbi likaingia kwenye mahindi, naye alilalamika kwamba tumetoka Ukambani kuja kula vumbi la watu. Mimi na Baba tuliipenda kwa sababu ya nyufa hizo hizo.

Katika ufa mmoja, usawa wa kifua changu, alikaa mdudu ambaye hatukuwa na jina lake. Vitabuni nimekuja kukuta wakimwita buibui mjeledi. Jumapili tukitoka kanisani Baba alichukua kioo chake cha kunyolea, akarusha mwanga wa jua ndani ya ufa, nami nikachungulia. Mwili wake ulikuwa bapa, kana kwamba amekaliwa. Alikuwa na miguu minane lakini alitembelea sita tu, tena akienda upande. Ile miwili ya mbele ilikuwa myembamba kama uzi, mirefu kuupita mwili mara kadhaa, na hakuikanyagia hata siku moja. Aliinyoosha, akagusa jiwe huku, akagusa kule, ndipo akahama. Karibu na mdomo alikunja mikono yenye miiba, na mara ya kwanza kuiona niliruka nyuma. Baba alicheka hadi akaangusha kioo. Hana sumu, aliniambia, wala hatandi utando. Ni sura tu ndiyo imemharibia jina.

Wachonga mawe wenzake machimboni waliwaponda wadudu hao kwa nyundo kila walipowakuta. Baba aligonga jiwe mara tatu kabla ya kulipindua, ili aliye chini apate kuhama, nao walimtania kwa hilo. Alikuwa amewaona wa kila namna alikopita akitafuta kazi. Wa Kona Baridi, kwenye miamba, walikuwa weusi na wapana kama kiganja chake. Wa Entarara, chini ya magogo yaliyooza, walikuwa wadogo na wekundu-wekundu. Wetu alikuwa wa kahawia, miguu yake ina mistari iliyopauka. Koko, bibi jirani wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, alitukuta mara nyingi tumeinama ukutani, akaenda zake akitikisa kichwa.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, macho ya Baba yaliharibika. Moja lilipigwa na kipande cha jiwe, la pili likafifia lenyewe polepole. Akaacha kazi. Sasa alishika kioo huku akilitafuta jua kwa joto la uso, na mimi ndiye niliyetazama kwa niaba yake.

"Niambie, yuko?"

Nikamwambia yuko, amejivua, ngozi kuukuu inaning'inia na yeye amekuwa mweupe kama unga. Au amebeba watoto mgongoni, wamejazana hadi mwili hauonekani. Baba alitabasamu akiwa ameuelekea ukuta, na mimi nikajiona mtu wa maana kuliko wote Kitengela.

Kisha nikapata kazi ya ukarani Kajiado, nikawa narudi nyumbani mara chache. Mshahara wa kwanza ulinivimbisha kichwa. Baba akiwa Ukambani kwa ndugu zake, nilimtuma fundi aipige stoo plasta ndani na nje, iwe zawadi ya Mama. Binti wa mchonga mawe, niliyekua nimebandika jicho kwenye ukuta ule, na sikuufikiria ule ufa hata kidogo. Najitukana mpaka leo.

Krismasi nilipofika, Mama alinionyesha mahindi yake safi. Tulipomaliza kula Baba alichukua kioo, akanishika bega, tukaenda. Alipitisha kiganja ukutani. Akashuka, akapanda, akasogea kando, vidole vikigusa huku na kule.

"Ile shimo yetu iko wapi?"

Nilimwambia nilichofanya. Mkono wake ulibaki kwenye saruji muda mrefu, na nilitamani anigombeze.

"Fundi amefanya kazi safi," alisema. Akakaa chini akiegemea ukuta, akanipa kioo. "Sasa niambie tu vile alikuwa."

Nikaanza na mwili bapa, nikaja kwenye miguu. Nilipoisahau ile mistari iliyopauka, alinikumbusha. Kila niliporudi nyumbani aliniomba hivyo, nami nilirudia, hadi mwaka tuliomzika.

Plasta haijapata hata ufa. Kioo kiko kwangu Kajiado, na nikitaka kupindua jiwe uani naligonga mara tatu kwanza. Namkumbuka Baba sana. Bado natafuta mdudu mwingine kama yule, ingawa hata nikimpata sijui nitamwambia nani kwamba yuko.